Nani Amekata Hii? Hotuba kwa Wanaohama Nairobi

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mtaa, South B, kwenye kikao cha kuwaaga wakazi wanaohama jijini

Mwenyekiti wa kamati, wazee wetu, mama zangu, vijana, na hasa ninyi mnaotuacha: hamjambo?

Mwenyekiti amenipa nusu saa na kanionya kwamba saa yake haina urafiki. Wasionijua, mimi ni mwalimu wa Sayansi Kimu, nimestaafu. Waliopita mikononi mwangu wanajua siwezi kuketi karibu na mtu bila kulitazama pindo la nguo yake. Mnisamehe. Kuna wawili hapo mstari wa mbele nimeshawaona, tutaongea baadaye.

Kila mwaka tunawaaga watu hapa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kazi nyingi zilizokuwa zimerundikana Nairobi zimetawanywa katika kaunti 47, na majirani zetu wamezifuata Kisumu, Garissa, Makueni. Halafu kuna vijana wetu wauguzi. Serikali ilipotia saini mkataba na Uingereza mwaka 2021, keki za kuaga ziliongezeka mpaka daktari wangu akanigombeza. Wote hawa, wa kaunti na wa ng'ambo, wananiuliza swali lilelile wakiwa wamebakiza siku chache: "Mwalimu, nguo nzuri za hapahapa zinapatikana wapi?"

Mtu huyu ameishi Nairobi miaka na miaka. Anajua kodi ya nyumba kuanzia Embakasi mpaka Ruaka. Anajua matatu ipi inakata kona kukwepa foleni. Lakini duka la mtu anayebuni na kushona nguo katika jiji hili hajaingia, isipokuwa ile siku ya harusi ya dada yake, aliposhonewa gauni la sare ambalo hata hakulichagua.

Simlaumu, maana jiji lenyewe limempa njia ya mkato. Mwaka 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za mitumba. Mnalijua soko la Gikomba alfajiri, beli linapokatwa kamba na watu wamelizunguka, na "kamera" inachaguliwa kwanza, zile nguo bora ambazo hazifiki kwenye rundo la kurushwarushwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa Gikomba na Toi. Mitumba imesomesha watoto wa watu, kwa hiyo msitarajie niisimange hapa. Ila fikirini kidogo. Anayekwenda Kisumu ataikuta soko la Kibuye, tele. Na anayekwenda Uingereza anakwenda kwenyewe inakotoka! Kubeba mitumba kutoka Nairobi kwenda Leeds ni kupeleka samaki ziwani.

Basi ubebe nini? Ubebe kilichobuniwa na kukatwa hapa. Na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu si kila kinachojiita cha hapa ni cha hapa.

Mpwa wangu alipokuwa anahamia Kigali aliniletea blauzi aliyoinunua kwenye butiki moja mjini, jina silitaji. Lebo yake ilikuwa ya kizalendo kwelikweli, ina ngao na mikuki. Nikaigeuza ndani nje kama ilivyo desturi yangu. Lebo ilikuwa imeshikizwa kwa mkono, uzi mweupe, pande mbili tu. Nikaiinua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine nyembamba ya satini, ina maandishi ya Kichina na herufi M. Mpwa wangu akanyamaza. Mimi nikamwambia blauzi yenyewe haina ubaya, mishono imenyooka, aivae. Kilichonikera ni bei: alilipa bei ya mbunifu kwa nguo iliyofika hapa ndani ya kontena.

Tangu siku hiyo nawafundisha watu swali moja la kuuliza dukani. Usiulize, "Hii imetengenezwa wapi?" Swali hilo lina jibu moja katika kila duka la Nairobi: "Ni ya hapa, mama, kabisa." Uliza hivi: "Nani amekata hii?" Kisha nyamaza, umtazame muuzaji usoni. Duka la kweli litajibu bila kufikiri. Litakwambia ni fundi wetu, yuko ghorofa ya tatu, nimwite? Au litakwambia nimekata mwenyewe, mbona, inakubana begani? Duka la kontena litaanza kukueleza habari za ubora wa kitambaa. Ukisikia habari za kitambaa kabla ya habari za fundi, shukuru, aga, uende zako.

Tena kuhusu kitambaa tuambiane ukweli, maana hapa kuna uzalendo mwingi wa midomo. Kitenge kingi mnachokiona kimechapwa Uchina, India au Uholanzi. Shanga nyingi za Kimaasai ni za kioo kutoka nje, na zimekuwa zikitoka nje tangu enzi za bibi zetu. Viwanda vyetu vya nguo vilianguka kimoja baada ya kingine soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Waliokulia Kisumu wanaikumbuka KICOMI, na waliokulia Eldoret wanaikumbuka Rivatex ilipofungwa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya na mitambo mipya. Thika nako kuna kiwanda kinachoendelea kufuma. Lakini mbunifu wa Nairobi anayetaka pamba ya hapa tupu, kuanzia shambani mpaka kwenye kifungo, ana kazi ngumu. Kwa hiyo mimi simhukumu kwa kitambaa. Namtazama kwa mkasi. Kukata ndiko kunakoonyesha kama mtu anaijua miili ya watu wa hapa: nyonga zetu, mabega yetu, na kile kiuno cha nyuma cha suruali ambacho nguo za kuagiza huwa zinakiacha wazi kama mdomo wa kibuyu.

Sasa mahali. Najua ndicho mlichokuja nacho kwenye daftari.

Anzia Biashara Street, ile iliyokuwa ikiitwa Bazaar Street, karibu na City Market. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya vitu vya watoto wachanga. Nendeni tena bila mimba. Kuna maduka ya familia za Kihindi ambayo yameuza leso, vikoi na vitambaa kizazi baada ya kizazi, na yule mzee aliye kaunta anakijua kitambaa kwa kukipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipeleka huko msichana mmoja aliyekuwa anahamia Uskoti. Akachagua kitenge kizuri, cha bluu. Mzee akamtazama, akasema, "Mama, hii unavaa wapi?" Msichana akajibu Uskoti. Mzee akakirudisha rafuni bila maneno, akaleta kingine kizito zaidi, akasema, "Hii tia bitana, utavaa Aprili. Ile nyingine nunua ukirudi likizo." Huyo ni mtu aliyekataa kuuza. Nitajieni tovuti inayofanya hivyo.

Leso zinauzwa kwa doti, mbili zilizoungana, hazijakatwa wala kupindwa. Kitenge kinauzwa yadi sita. Pamba tupu iloweke maji usiku mmoja kabla ya kumpelekea fundi, la sivyo itaruka ukishafua, na gauni la magotini litakuwa la kumkimbiza pasta.

Kutoka hapo wengi hukimbilia maduka ya egzibisheni ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, majengo ya zamani yaliyokatwakatwa vichumba mpaka mtu na mzigo wake hawapishani. Huko asilimia kubwa ni kontena, msijidanganye. Ila panda ngazi. Panda mpaka pale muziki unapoacha kusikika na cherehani zinaanza. Kodi ya ghorofa za juu ni nafuu, ndiyo maana wabunifu wachanga wako huko: chumba kimoja, meza moja ya kukatia, ovaloki moja ya kufunga ncha za kitambaa, inayotumiwa na watu wanne kwa zamu. Wengine hawana hata chumba mjini. Wako Kilimani au Roysambu, wanauza kwa Instagram, na unapouliza bei wanakwambia bei ni inboksi. Tabia hiyo nimeipigia kelele mpaka nimechoka. Mwenye nguo nzuri hana haja ya kunong'ona bei.

Eastleigh nendeni kwa dera, baati na abaya, yale magauni marefu mapana. Biashara ile kubwa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Wakimbizi wa Kisomali walivigeuza vyumba vya kulala kuwa maduka, na leo mtaa mzima ni majumba ya biashara. Nguo nyingi huko ni za kuagizwa, nao hawafichi, wanakwambia Dubai au Uturuki bila kupepesa macho. Mafundi wa kurekebisha wapo palepale kwenye veranda. Anayehamia Garissa au Mombasa asiruke Eastleigh.

Kariokor ni kwa viatu vya ngozi na viondo. Ukipata kandambili za ngozi, kunja soli. Ikilia na kupasuka, ni karatasi iliyopakwa rangi. Kazuri, kule Karen, wanafinyanga shanga za udongo kwa mkono. Walianza mwaka 1975 na wanawake wawili, leo ni mamia. Hizo ni za hapa kweli, na hazijai mkobani. Maasai Market, ile ya Jumamosi karibu na Mahakama ya Juu, mtaijua bila mimi. Ombi langu ni moja tu: msinunue fulana yenye ramani ya Kenya. Mtu mzima anayeijua nchi yake hahitaji kuibeba kifuani.

Halafu kuna majina makubwa. Ann McCreath alianzisha KikoRomeo hapa Nairobi mwaka 1996, wakati ambapo kumwambia Mkenya mwenye pesa anunue nguo ya mbunifu wa Nairobi ilikuwa kama kumtukana. Wanatumia sana pamba iliyofumwa kwa mkono. Wandia Gichuru na wenzake walianzisha Vivo mwaka 2011 wakiuza nguo za mazoezi na dansi, wakagundua wanawake wanazivaa kwenda kazini, wakageukia huko. Sasa wako katika maduka makubwa ya jiji, na mwaka 2024 wakafungua duka Atlanta, Marekani. Nguo zao zimekatiwa mwanamke mwenye mwili. Bei? Ndiyo, iko juu kuliko Gikomba. Katika bei hiyo kuna kodi ya duka, kuna VAT ya asilimia 16, kuna zipu na uzi wa kuagizwa, na kuna mshahara wa mtu ambaye kesho atapanda matatu palepale unapopandia wewe. Mtu akinunua vitu vitatu vya namna hiyo akaacha vingine kumi, hajapoteza.

Kidogo kuhusu wanaume, maana naona mnatazama simu. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais mwenyewe alikuwa akizivaa. Na miaka minne tu kabla ya hapo, Oktoba 2019, serikali hiyohiyo ya nchi hii ilikuwa imewaagiza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Mmeona jinsi tulivyo? Kabla ya hapo, mwaka 2004, kulikuwa na shindano la kutafuta vazi la taifa. Wabunifu walizunguka nchi, vazi likazinduliwa kwa shangwe, na sijamwona mtu amelivaa sokoni. Serikali na mavazi hawapatani. Lakini suti ya Kaunda iliyokatwa vizuri ni nguo ya safari: haina tai, mifuko minne, pasipoti inaingia. Nendeni Kenyatta Market. Wengi mnapajua kwa nyama choma na kusukwa nywele. Katikati ya moshi na rasta kuna safu za mafundi. Waambieni waache inchi moja ndani ya mishono ya ubavu. Ughaibuni mtu hunenepa. Kaunti pia, msicheke.

Nguo nyingine mtaitazama vipi? Igeuze. Uzuri wa nje ni wa kila mtu, lakini ndani ndiko fundi alikoachwa peke yake na dhamiri yake. Tazama kama ncha za kitambaa zimepigwa ovaloki au zinachanika. Tazama maua ya kitenge yanavyokutana kwenye mshono wa kati. Fundi mvivu hukata ndege kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine. Vuta kifungo. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kwenye pindo la ndani, uone kama rangi inahama kabla yako. Na muuzaji akiapa kwamba ni pamba tupu, omba uzi mmoja, nenda nao nje, uuchome. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha shanga ngumu nyeusi. Anayehamia Kisumu au Garissa naomba asilisahau hili, maana poliesta kwenye joto lile ni adhabu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu mwenyekiti ameanza kukohoa.

Anayeingia madukani siku nne kabla ya safari anaweza kununua tu. Hawezi kushonewa. Nguo ya kushonwa inataka mara tatu: siku ya kupimwa, siku ya kujaribu ikiwa bado na pini, siku ya kuchukua. Katikati ya siku hizo weka "njoo Ijumaa" ya fundi, ambayo sote tunajua ni Ijumaa ya wiki ijayo. Desemba usijaribu, ni harusi na Krismasi. Januari mafundi wengi wako kwenye sare za shule, nenda Uhuru Market ujionee. Kwa hiyo mkipata barua ya uhamisho, au viza ikishaanza kunukia, fundi awe wa kwanza kuambiwa baada ya mama yako. Shangazi zenu watangoja.

Na faida kubwa hata si hiyo nguo ya kwanza. Mnakumbuka daftari la fundi? Lile la kurasa mia, jalada limechanika, limefungwa kwa mpira. Amekuandika humo: jina, kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono. Pembeni ameandika jambo lako ambalo hukumwambia, labda "bega la kushoto liko chini" au "hapendi kubanwa". Ukurasa huo ukishakuwepo, wewe bado ni mteja wa Nairobi hata ukiwa Lodwar au Birmingham. Utatuma picha kwa WhatsApp, utatuma M-Pesa, na nguo itakuja kwa basi, au kwenye mzigo wa mtu anayesafiri. Nina mwanafunzi wangu aliye Uingereza mwaka wa tatu sasa. Makoti yake ya kitenge yenye bitana yanakatwa Kenyatta Market, na wenzake wodini wamempa fundi oda. Fundi yule hajawahi kupanda ndege, lakini vipimo vya wauguzi wa kule ameviandika kwenye daftari.

Butiki nazo ni hivyohivyo. Zile zinazojua nani amekata zinaweza kukata tena. Duka la kontena likiisha mzigo limeisha, hata ukilia. Ndiyo maana nawasumbua na lile swali. Kabla hamjaondoka tafuteni duka moja au mawili yanayolijibu, wajue jina lako, wajue unakokwenda na hali ya hewa ya huko, wachukue vipimo, wakupe namba ya mtu, siyo ya ukurasa. Na uwalipe kwa wakati. Mafundi hawasahau deni, ila kwa adabu zao hawatakwambia; watakwambia tu cherehani imeharibika.

Mwenyekiti ameniangalia vibaya, namaliza. Tumemwalika fundi mmoja kutoka Kenyatta Market, yuko pale mlangoni na futi yake na daftari jipya. Hadai kitu leo, anapima tu. Wanaoondoka mwezi huu watangulie, halafu wa mwezi ujao, na ninyi wawili wa mstari wa mbele mnione mimi kwanza kuhusu yale mapindo. Na tafadhali, mkifika kwenye kiuno, msivute tumbo ndani. Pumueni. Anayepimwa ni wewe utakayeivaa.